Fomu za Mtandaoni: Makosa Madogo ya Msimbo Yanayomgharimu Mwananchi na Namna ya Kuyaepuka

Mwananchi anayeomba ajira, mkopo wa masomo, leseni au cheti cha kuzaliwa siku hizi halazimiki tena kupanga foleni dirishani. Hufungua tovuti ya taasisi husika kwa simu yake, hujaza fomu na kusubiri majibu. Tangu Serikali ilipounda Wakala ya Serikali Mtandao, ambayo baadaye ilipandishwa hadhi na kuwa Mamlaka kwa Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, huduma nyingi za umma zimehamia katika tovuti na mifumo yenye anuani zinazoishia na .go.tz. Pamoja na mafanikio hayo, bado wapo waombaji wanaokwama njiani, si kwa kukosa sifa, bali kwa sababu mistari michache ya msimbo iliandikwa bila kumfikiria mtu wa aina yao.

Makala haya yanaeleza makosa hayo, chanzo chake na namna watengenezaji wa kurasa za tovuti wanavyoweza kuyaepuka. Yanawahusu vijana walioajiriwa katika vitengo vya TEHAMA vya wizara, halmashauri na mashirika, pamoja na kampuni binafsi zinazopewa kazi hizo kwa zabuni. Yanamhusu pia mwananchi wa kawaida, kwa kuwa anayefahamu kwa nini fomu imemkataa anajua la kufanya na la kumweleza afisa atakayempokea.

Jina lenye ritifaa

Kiswahili na lugha nyingi za Tanzania zina sauti inayoandikwa kwa herufi n na g zikifuatiwa na ritifaa, kama katika neno ng'ombe, sauti ambayo ni tofauti na ile inayoanza neno ngoma. Ndiyo maana yapo majina ya ukoo kama Nyang'oro na Mang'enya. Mwenye jina la namna hiyo anapoliandika kama lilivyo katika cheti chake cha kuzaliwa, baadhi ya fomu humjibu kuwa jina lina alama zisizoruhusiwa. Akiiondoa ritifaa ili aendelee, fomu hupokea. Tatizo huja baadaye, pale jina la Nyangoro lililo katika maombi linapolinganishwa na Nyang'oro lililo katika vyeti. Mfumo humwona kuwa ni watu wawili, naye hulazimika kutafuta hati ya kiapo, kwa gharama zake, ili kuthibitisha kuwa majina hayo ni ya mtu mmoja.

Katazo hilo huzaliwa na hofu. Katika lugha ya SQL, ambayo hutumika kuzungumza na hifadhidata nyingi, ritifaa ndiyo alama inayofungua na kufunga maandishi. Mtengenezaji anayeunganisha moja kwa moja maneno ya mwombaji na amri ya SQL hujiweka hatarini, kwa kuwa ritifaa iliyomo katika jina hufunga maandishi kabla ya wakati wake na amri yote huharibika. Mtu mwenye nia mbaya anaweza kuutumia upenyo huo kuandika amri zake mwenyewe za kusoma au kufuta kumbukumbu za watu. Baadhi ya watengenezaji wakishaligundua hilo huamua kuipiga marufuku ritifaa, wakidhani wamemaliza kazi. Uamuzi huo humwadhibu Nyang'oro na kuuacha udhaifu wenyewe pale pale, kwa kuwa zipo njia za kuushambulia mfumo wa namna hiyo bila kutumia ritifaa hata moja, mathalani kupitia sehemu zinazopokea namba.

Tiba yake inafahamika na wala si ngumu. Amri ya SQL huandikwa kwanza ikiwa na nafasi za vigezo, kisha maneno ya mwombaji hupelekwa peke yake, yakiwa data na si sehemu ya amri. Katika lugha ya PHP, kwa mfano, kazi hiyo hufanywa na prepare pamoja na execute za PDO. Python, Java na C# nazo zina njia zake za kufanya jambo hilohilo. Maandishi hayo yanapoonyeshwa tena ukurasani, alama kama < na > hazina budi kubadilishwa ili kivinjari kizichukue kuwa maandishi ya kawaida, kazi ambayo katika PHP hufanywa na htmlspecialchars. Mfumo ukizingatia mambo hayo mawili, hauna sababu ya kuliogopa jina la mtu yeyote.

Lipo jambo jingine ambalo hata wataalamu wazoefu hulisahau: ritifaa ziko zaidi ya moja. Ile ya kibodi ya kompyuta ni alama iliyonyooka, ambayo katika orodha ya Unicode ina namba U+0027. Kibodi za baadhi ya simu na programu za kuandikia nyaraka huweka ile iliyopinda, yenye namba U+2019. Kwa macho hazitofautiani sana, lakini kwa kompyuta ni alama mbili zisizohusiana. Afisa akitafuta jina kwa ritifaa iliyonyooka, mwombaji aliyejiandikisha kwa iliyopinda haonekani, na jibu analopewa ni kwamba hajawahi kutuma maombi. Inafaa mfumo uzibadilishe zote kuwa moja kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta. Aidha, hifadhidata na kurasa zote ziwe za UTF-8, na kwa wanaotumia MySQL aina sahihi ni utf8mb4.

Tukio linalofanana na hilo ni la fomu inayomlazimisha kila mtu kuwa na majina matatu. Asiye na jina la kati huandika nukta, kistari, au hurudia jina la baba yake, na kumbukumbu za taasisi hujaa majina ambayo hayapo duniani. Sehemu ya jina la kati iwe ya hiari.

Namba ambazo si za kuhesabia

Namba ya Utambulisho wa Taifa inayotolewa na Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, NIDA, ina tarakimu 20. Kwa kuwa inaitwa namba, watengenezaji wengi huihifadhi kama namba, na hapo ndipo madhara yanapoanza.

Lugha ya JavaScript, inayoendesha kurasa karibu zote za tovuti, huweza kushika kwa usahihi namba kamili isiyozidi 9,007,199,254,740,991, yaani tarakimu 16. Namba ikizidi hapo, kompyuta huikaribisha kwenye namba iliyo jirani ambayo inaweza kuiandika. Kwa namba zenye ukubwa wa zile za NIDA, pengo kati ya namba moja inayoweza kuandikwa na inayofuata ni 4,096. Maana yake ni kwamba tarakimu za mwisho hubadilika zenyewe bila onyo lolote, na watu wawili ambao namba zao zinatofautiana katika tarakimu hizo wanaweza kujikuta wanashiriki namba moja. Hata aina kubwa ya namba kamili iliyozoeleka katika hifadhidata, ile ya biti 64, haitoshi. Kikomo chake ni takriban 18,446,744,073,709,551,615, ilhali namba ya mtu aliyezaliwa mwaka 1990 huanza na 1990 na kwa hiyo huvuka kikomo hicho.

Kosa hilo hujirudia hata pale mfumo wenyewe ulipotengenezwa vizuri. Afisa hupakua orodha ya waombaji, huifungua kwa Excel, na programu hiyo, ambayo hutunza tarakimu 15 tu za namba, huzigeuza tarakimu 5 za mwisho kuwa sifuri. Afisa akihifadhi faili na kuipeleka kwa taasisi nyingine kwa uhakiki, orodha nzima hurudi ikiwa na majibu ya kutotambulika. Waombaji hawajakosea chochote, na mara nyingi hakuna anayegundua mahali tatizo lilipoanzia.

Kanuni rahisi inayofaa kubandikwa ukutani katika kila chumba cha watengenezaji mifumo ni hii: namba isiyojumlishwa wala kuzidishwa ihifadhiwe kama maandishi. Kanuni hiyo inahusu namba ya NIDA, namba ya simu, namba ya mtihani, namba ya mlipakodi na namba ya kumbukumbu ya malipo. Namba ya simu ikihifadhiwa kama namba hupoteza sifuri yake ya mwanzo, na ujumbe mfupi wa kumwita mtu kwenye usaili haumfikii. Katika fomu, sehemu hizo ziandikwe type="text" zikiambatana na inputmode="numeric"; kwa njia hiyo simu humfungulia mwombaji kibodi ya tarakimu, na ukurasa unaendelea kuyatunza anayoyaandika kama maandishi.

Vilevile si busara kumkataa mtu kwa sababu ameacha nafasi au ameweka vistari. Namba ya NIDA huandikwa katika kitambulisho ikiwa na vistari, na ni jambo la kawaida mwananchi kuinakili ilivyo. Namba ya simu nayo huandikwa ikianza na 0, na 255 au na +255. Kompyuta inaweza kuondoa vistari na nafasi, na kuzigeuza namba zote za simu kuwa za mtindo mmoja, kwa mistari miwili au mitatu ya msimbo. Kumwachia mwombaji kazi hiyo ni uvivu.

Siku ya kuzaliwa na saa ya kufunga dirisha

Tanzania, kama zilivyo nchi jirani za Kenya na Uganda, hutumia saa za Afrika Mashariki, ambazo ziko mbele ya saa za kimataifa za UTC kwa saa 3 mwaka mzima. Tofauti hiyo ndogo imewahangaisha wengi.

Ichukuliwe mfano wa mwombaji aliyezaliwa tarehe 12 Mei, 1998. Anapochagua tarehe hiyo, msimbo wa ukurasa huweza kuichukua kama saa 6:00 usiku wa kuanza tarehe 12 kwa saa za Afrika Mashariki. Kabla ya kuituma kwenye seva, msimbo huibadilisha kuwa saa za UTC, kazi ambayo katika JavaScript hufanywa na toISOString. Saa 6 usiku ukitoa saa 3 ni saa 3 usiku wa tarehe 11 Mei. Seva ikiitupa sehemu ya saa na kubakiza tarehe, mwombaji anakuwa amezaliwa siku moja kabla. Kwa kuwa tarakimu 8 za mwanzo za namba ya NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, uhakiki hugundua kuwa tarehe haziendani na humkataa mtu aliyejaza kila kitu kwa usahihi. Anaporudi kurekebisha, huona tarehe aliyoiandika mwenyewe na hajui arekebishe nini. Siku ya kuzaliwa haina saa wala ukanda wa saa, hivyo isafirishwe kama maandishi ya mwaka, mwezi na siku, mathalani 1998-05-12, bila kupitishwa katika ubadilishaji wowote.

Kuhusu tarehe ya mwisho ya kupokea maombi, kosa zito zaidi ni la mtengenezaji anayehifadhi tarehe 30 Juni bila saa, kisha kuuagiza mfumo ukatae kila ombi linalokuja baada ya hapo. Kompyuta huihesabu tarehe isiyo na saa kuwa ni mwanzo wa siku hiyo. Dirisha hufungwa usiku wa kuamkia tarehe 30, na wale wote waliopanga kutuma siku ya mwisho, kama tangazo lilivyowaruhusu, hukuta mlango umefungwa. Iwapo seva imewekwa katika saa za UTC huku tangazo likimaanisha saa za Tanzania, kufungwa kwa dirisha husogea kwa saa 3, na hapo waliochelewa hupokelewa pamoja na waliowahi. Saa ya kufunga iandikwe kamili na iambatanishwe na ukanda wake, ambao katika orodha zinazotumiwa na kompyuta huitwa Africa/Dar_es_Salaam.

Yapo pia masuala ya lugha. Mwananchi anaposoma 9:00 anaweza kuelewa saa tisa alasiri, wakati fomu imekusudia saa tatu asubuhi. Tangazo na ukurasa vitaje saa kwa Kiswahili na kipindi cha siku, kwa mfano saa 3:00 asubuhi. Aidha, maneno "saa 6:00 usiku tarehe 15" yaepukwe kabisa, kwani wasomaji wawili watayaelewa kuwa ni usiku wa aina mbili. Saa 5:59 usiku haina utata huo.

Ukurasa unaofunguka kwa kila simu

Picha ya hafla iliyopigwa kwa kamera ya kisasa huwa na pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani milioni 12. Skrini ya simu ya bei nafuu yenye upana wa pikseli 720 inahitaji picha ya 720 kwa 540, ambayo ni pikseli chini ya laki nne. Kuiweka picha ya kwanza katika ukurasa wa mbele ni kumtaka mwananchi apakue takriban mara 30 ya kile ambacho macho yake yataona, na anakilipia kutoka katika kifurushi chake cha intaneti. Ukurasa wenye picha tano za namna hiyo zinazopokezana juu ya tangazo moja la maana ni hasara kwa pande zote mbili. Picha zipunguzwe kabla ya kupandishwa, zihifadhiwe katika muundo wa WebP au JPEG iliyobanwa, na zilizo chini ya ukurasa ziongezewe loading="lazy" ili zisipakuliwe kabla msomaji hajazifikia. Upana na urefu wa kila picha utajwe katika msimbo. Bila hivyo maandishi huruka picha inapofika, na kidole kilicholenga kitufe kimoja hubonyeza kingine.

Desturi ya kuchapisha tangazo, kulipiga muhuri, kulichanganua kwa mashine na kulipandisha kama PDF ina madhara makubwa kuliko inavyodhaniwa. Faili la namna hiyo ni picha ya karatasi. Halitafutiki kwa jina, halikuzwi vizuri katika simu, na kisomaji skrini kinachomsomea mtu asiyeona hakipati neno hata moja la kusoma. Mtu anayetafuta jina lake kati ya majina elfu mbili ya walioitwa kwenye usaili hulazimika kupitia kurasa zote kwa macho. Maandishi ya tangazo yawekwe katika ukurasa wenyewe kwa HTML, na majina katika jedwali. Nakala yenye sahihi na muhuri inaweza kuwekwa kando yake kwa wanaoihitaji, na ukubwa wake utajwe ili mtu ajue anachopakua.

Kwa upande wa watumiaji wenye ulemavu, miongozo ya kimataifa ya W3C inayojulikana kama WCAG inataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma yake isipungue uwiano wa 4.5 kwa 1. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe hayafiki hapo, na hayasomeki hata kwa mwenye macho mazima akiwa juani. Kila sehemu ya kujaza iwe na label yake iliyofungwa kwa for, na picha yenye maelezo muhimu iwe na alt. Zaidi ya hayo, ukurasa wa Kiswahili utangaze lugha yake mwanzoni kabisa kwa kuandika lang="sw". Tovuti nyingi za Kiswahili bado zimeandikwa "en" kwa sababu violezo vilivyonunuliwa vilikuja hivyo. Matokeo yake ni kisomaji skrini kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, jambo ambalo humfanya msikilizaji asielewe chochote. Ni marekebisho ya herufi mbili.

Mtandao unapokatika katikati ya fomu

Fomu ndefu ijengwe kwa kudhani kuwa mtandao utakatika. Yale yaliyojazwa yahifadhiwe hatua kwa hatua, na kosa la sehemu moja lisifute sehemu nyingine ishirini. Ujumbe wa kosa uandikwe kwa Kiswahili, ukae karibu na sehemu iliyokosewa, na ueleze kinachotakiwa. "Andika tarakimu 20 za namba ya NIDA" unasaidia, "Invalid input" hausaidii.

Mwombaji anayeona kimya baada ya kubonyeza Tuma hubonyeza tena. Mfumo usiojiandaa hutengeneza maombi mawili na namba mbili za malipo, naye hulipia moja huku mfumo ukisubiri nyingine. Kinga yake ni kila fomu kupewa alama ya pekee inapofunguliwa, na seva kurudisha jibu lilelile alama hiyo inapokuja mara ya pili. Kuzima kitufe peke yake hakutoshi, kwa kuwa ukurasa unaweza kufunguliwa upya.

Ukaguzi wote unaofanywa ndani ya kivinjari urudiwe katika seva, kwani wa kivinjari unaweza kurukwa na mtu yeyote mwenye ujuzi kidogo. Namba ya NIDA isipitishwe katika anuani ya ukurasa, ambako hubaki katika historia ya kivinjari cha duka la huduma za intaneti na katika kumbukumbu za seva; itumwe kwa POST kupitia HTTPS. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka taasisi kukusanya taarifa zinazohitajika kwa kusudi lililotajwa, hivyo fomu inayouliza dini au namba ya simu ya mwenza bila sababu iangaliwe upya na mwanasheria kabla ya kupelekwa kwa mtengenezaji.

Mwananchi aliyekwama anashauriwa kupiga picha ya skrini yenye ujumbe wa kosa, kuandika tarehe na saa, aina ya simu na kivinjari anachotumia, kisha kuvipeleka kwenye dawati la msaada la taasisi husika kwa mawasiliano yaliyo katika tovuti yake. Neno la siri lisitumwe kwa mtu yeyote, wala namba ya NIDA isiandikwe katika maoni ya mitandao ya kijamii. Kwa ombi lenye tarehe ya mwisho, taarifa hiyo itumwe kabla dirisha halijafungwa na nakala yake itunzwe, kwa kuwa ndiyo itakayoonyesha kuwa mwombaji alijaribu kutuma kwa wakati.